Simba Hazaliwi na Makucha Marefu
Mhadhara wa umma, Singida

 

Wazee wa Singida wanazijua habari za mbojo, watu-simba. Mwaka 1946 na 1947 watu wengi waliuawa wilayani hapa, maiti zao zikiwa na alama kama za makucha. Serikali ya kikoloni iliendesha msako, na baadhi ya watuhumiwa wakanyongwa. Ilidaiwa kwamba vijana walifichwa, wakafunzwa kuua, kisha wakakodishwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider aliyapima upya madai hayo. Mimi sitawapima marehemu. Nachukua swali walilotuachia: mtu anayewaumiza wenzake bila kujuta hutoka wapi?

Tiba ya akili inaijua hitilafu ya haiba inayomfanya mtu azoee kukanyaga haki za wengine.  Madaktari wa Marekani huorodhesha dalili saba: kuvunja sheria tena na tena, uongo na ulaghai, kukurupuka, ugomvi, kuhatarisha maisha, kutowajibika, na kutojuta. Zikitimia tatu, daktari huendelea kuchunguza. Lakini hasemi mtu ana hitilafu hii kabla hajafika miaka 18, na ni lazima mwenendo mbaya uwe ulianza kabla ya miaka 15. Kosa moja, hata likiwa kubwa, halitoshi.

Chanzo si kimoja. Sehemu hurithiwa katika damu. Sehemu hutokana na malezi: kipigo, kutelekezwa, nyumba ya ulevi na vurugu. Utafiti wa Nyuzilandi uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha mambo hayo mawili yakishikana: wavulana waliotendewa ukatili na wenye umbo fulani la jeni moja walielekea zaidi kwenye ukatili kuliko wenzao walioteswa bila umbo hilo.

Mwanasosholojia Lee Robins aliwafuatilia kwa miaka 30 watoto waliowahi kupelekwa kliniki, akachapisha matokeo mwaka 1966. Kazi yake ilitufunza jambo ambalo naomba mlibebe hadi nyumbani: karibu kila mtu mzima mwenye hitilafu hii alianza utotoni, lakini watoto wengi wenye mwenendo mbaya hawafikii huko. Maana yake, mlango bado uko wazi.

Kwa mtu mzima hakuna kidonge kinachoiponya hitilafu hii. Kwa mtoto, kumfundisha mzazi kuelekeza bila kutesa, kusifu jema na kusimamia neno lake, husaidia kweli.

Basi mwalimu, mtoto anayetesa wanyama, anayeiba na kuwaonea wenzake, usimwite shetani. Ita wazazi, ulizeni anaishije, mpelekeni kituo cha afya. Na ikibidi, Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapo Dodoma, kwa jirani zetu. Aliyeumizwa naye alindwe, na sheria ifuate mkondo wake. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema. Ila tumkunje kwa mikono isiyomvunja.