Dawa ya kuku na wajukuu wa mtoni

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani Matamba. Asubuhi nikamkuta jirani yetu, mama mtu mzima anayefuga kuku, akimwaga mtoni ndoo ya maji ya dawa yaliyobaki jana yake. Ni ile dawa ya mafua inayochanganywa kwenye maji ya kunywa, na maagizo yanataka ichanganywe upya kila siku. Kwa hiyo mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa anafuata maagizo. Nilipomuuliza kwa nini mtoni, akanijibu, "Mwanangu, maji haya yanakwenda, hayarudi."

Kweli yanakwenda. Maji ya upande wetu wa mlima yanateremka hadi bonde la Usangu, kwenye mpunga, yanaingia Ruaha Mkuu, mpaka bwawa la Mtera kwa wavuvi. Lakini njiani kuna wenyeji wasiokwenda popote.

Chota maji ya kidimbwi kwenye glasi, yaangalie juani. Utaona vijidudu kama punje za ulezi vikirukaruka. Huitwa viroboto wa maji, ingawa si viroboto hata kidogo. Ukoo wao ni wa kamba na kaa. Wanakula mwani, nao wanaliwa na samaki wachanga. Wakipungua, samaki wachanga hulala njaa.

Jike wake, mambo yakiwa mazuri, huzaa bila dume. Mayai huyabeba mgongoni, chini ya gamba jembamba linaloonyesha mpaka ndani. Na ndani ya kitoto ambacho hakijazaliwa, mbegu za wajukuu zimeshaanza kuumbika. Dawa ikiingia majini inawakuta watatu kwa mpigo: bibi, mama na mjukuu.

Sasa sikilizeni namna dawa zinavyopimwa. Kwa kawaida wataalamu huchukua vitoto vya viroboto hawa visivyotimiza siku moja, huviweka kwenye maji yenye dawa kwa siku 21, kisha huhesabu waliozaliwa. Mama akisalimika na kuzaa vizuri, kipimo kimekwisha. Mjukuu hakuulizwa.

Watafiti wa Italia walimuuliza. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya kuwaweka viroboto wa maji kwenye enrofloksasini kwa vizazi vinne mfululizo. Dawa hiyo ndiyo hasa iliyokuwa kwenye ndoo ya jirani yangu; nilisoma chupa. Sumu yake ilizidi kadiri vizazi vilivyopokezana. Kipimo kilichomtazama bibi peke yake kisingeliona hilo.

Atatokea mtu aseme kuwa viwango vya maabara ni vikubwa kuliko vya mtoni. Ni kweli, kwa kawaida. Lakini kilichomo kwenye ndoo ya kuku ni kikali zaidi tena, nacho kinamwagwa palepale ukingoni, kwenye maji yaliyotulia wanakoishi vijidudu hawa.

Na sisi tumo. Enrofloksasini ikiingia mwilini mwa kuku, sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini, ile ile tunayomeza tukiugua taifodi. Bakteria wa mtoni wanaoizoea leo tutakutana nao wodini.

Nilimweleza mama haya yote, naye alinisikiliza kwa subira ambayo sijui kama ningekuwa nayo mimi. Kisha akauliza, basi amwage wapi? Swali la haki, maana kwenye chupa halikujibiwa. Nikamwambia achanganye kinachowatosha kuku kwa siku, na kinachobaki akimwage kwenye shimo mbali na mto na kisima, kwa sababu dawa hii hunata sana kwenye udongo. Mbolea ya kuku nayo airundike ioze kabla ya kuipeleka kwenye viazi.

Shimo lilichimbwa jioni ileile. Alipomaliza akafuta jembe, akaniuliza dawa zinazoharibika kwenye maduka ya mifugo hutupwa wapi. Nimemwahidi nitakwenda kuuliza, na Jumamosi nitamrudishia jibu.