Chura wa Dawida Hutunzwa Msituni

(Maelezo kwa wakazi wa Taita Taveta katika baraza)



Katika misitu ya Ngangao na Mbololo yuko chura mdogo mwenye ngozi ya vinundu. Mwaka wa 2009 wanasayansi walimtangaza kwa jina Callulina dawida. Hapatikani kwingine duniani ila Milima ya Taita.

Huko Ulaya na Marekani, watu hufuga vyura wenye sumu wa Amerika Kusini katika masanduku ya kioo. Wanaozaliwa humo huwa hawana sumu, kwa kuwa sumu hiyo hutokana na wadudu wanaoliwa msituni. Chura na msitu wake ni kitu kimoja.

Ndivyo alivyo wetu. Hatagi majini, bali ardhini penye unyevu, na mama huyalinda mayai. Watoto hutoka wakiwa vyura kamili, bila kupitia hali ya viluwiluwi. Tukiokota magogo yote yaliyooza tupate kuni, au tukipanda mikaratusi mahali pa miti ya kiasili, tunambomolea nyumba. Na msitu huo huo ndio unaonasa ukungu unaolisha chemchemi zetu.

Ukimwona, usimchukue wala usimuuze. Mpige picha, kumbuka mahali, kisha uarifu KWS. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza kufuga mnyamapori bila kibali.

Tukitaka abaki nasi, tuutunze msitu wake.