Kupanga Kabla ya Kujenga: Makazi ya Wastaafu Wanaorejea Machakos kutoka Ughaibuni

Mkenya aliyetumia ujana wake kazini Marekani au Uingereza anapokaribia kustaafu, suala la makazi huwa limekwisha kuamuliwa: atajenga. Kwa hesabu za Benki Kuu, fedha zilizotumwa nchini na walio ughaibuni mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na sehemu ya fedha hizo imesimama mbele ya macho yetu kuanzia Athi River hadi Joska na Tala: majumba ya vyumba vitano ambamo anayelala ni mlinzi peke yake. Hoja yangu ni kwamba anayerejea apange kwanza, aishi masika na kiangazi, ndipo aamue kama atajenga, atanunua au ataendelea kupanga.

Wajapani walilipitia jambo hili mapema. Mwaka 1986 wizara yao ya biashara na viwanda ilipendekeza mpango wa Silver Columbia, wa kuwajengea wastaafu vijiji nchi za nje. Ulishutumiwa vikali kwamba taifa linauza wazee wake ng'ambo, ukafifia. Kilichoenea baadaye ni ukaaji wa muda mrefu: mstaafu anakwenda Malaysia au Chiang Mai, anapanga fleti, na akiugua sana anaweza kurudi kwao kwenye bima yake. Faida ya kupanga ilionekana mwaka 2021, Malaysia ilipopandisha kipato kinachotakiwa kwa mkaazi wa aina hiyo kutoka ringgit 10,000 hadi 40,000 kwa mwezi. Masharti yakigeuka hivyo, mpangaji hufunga mizigo. Mwenye nyumba huanza kusaka mnunuzi.

Mtu atasema hawa wetu wanarudi kwao, si wageni. Kisheria, baadhi yao ni wageni. Kabla ya Katiba ya 2010 hakukuwa na uraia pacha, kwa hiyo aliyeapa kuwa Mmarekani aliupoteza wa Kenya. Kifungu cha 14 kinamruhusu kuurudisha kwa kuomba. Asipoomba, Kifungu cha 65 kinamwachia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu, na shamba la kilimo, ambalo ndilo sehemu kubwa ya kaunti hii, hauziwi kwa utaratibu wa kawaida. Halafu kuna ploti zinazouzwa kwa cheti cha hisa bila hati miliki. Oktoba 2023, huko Mavoko, matingatinga yaliangusha hata nyumba za ghorofa zilizokwisha kukamilika, baada ya mahakama kuthibitisha kuwa ardhi ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Mwaka mmoja wa kupanga unatosha kufanya upekuzi wa ardhi na kuwauliza majirani bila haraka.

Tena kuna mambo ambayo simu haionyeshi. Fundi hutuma picha ya linta na ya mabati. Hatumi picha ya mfereji mkavu mwezi wa Septemba. Sehemu za Athi River visima vina maji ya chumvi, na familia hununua maji ya boza. Nyumba iliyochorwa mtu akiwa na miaka 50 huweka vyumba vya kulala juu. Akifika 75, magoti yanazikataa ngazi. Mwenye presha na sukari anahitaji kufika Hospitali ya Level 5 ya Machakos hata usiku wa manane, hata mvua ikiwa imeharibu barabara ya murram.

Wapo wanaosema kodi ni pesa iliyotupwa. Lakini akiba iliyofungiwa ndani ya kuta hainunui dawa, na jumba la mbali haliuziki kwa wiki moja. Wapo wanaosema mzee wa Kikamba asiye na mji wake hana heshima. Nalichukulia hilo kwa uzito wote, ila kupanga mjini hakumwondoi mtu kwenye shamba la ukoo, wala hakumzuii kuzikwa huko. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mwenye nyumba anayepandisha kodi apendavyo. Sheria ya kudhibiti kodi inawalinda wapangaji wa nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kisichomgusa mstaafu huyu. Hadi Bunge litakapoirekebisha, asiingie nyumba bila mkataba wa maandishi wa miaka miwili au zaidi, unaotaja kodi itapanda kwa kiasi gani na lini.