Kabla ya Kufunga Kamba za Viatu: Mtu wa Rungwe na Uchaguzi wa Njia ya Hija

Kila mwaka mwezi Mei ukielekea ukingoni, barabara ya Masaka kwenda Kampala hujaa watu wenye rozari mkononi na vifurushi mgongoni. Wametoka Mbarara, Kabale na Kasese. Wengine wamevuka mipaka kutoka Rwanda, Kongo na Tanzania. Wote wanaelekea Namugongo, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Picha zao huingia kwenye simu mpaka huku Tukuyu, wilayani Rungwe, na kila zinapoingia hakosekani kijana wa kwaya au mama wa kikundi cha maombi anayeapa kwamba mwakani naye hatabaki.

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya watu hao na viongozi wao. Hoja yake ni kwamba njia ya hija huchaguliwa kwa kutazama kwanza nia ya mwendaji, kisha wenyeji watakaompokea, kisha majira na ardhi. Umaarufu wa njia na wingi wa kilomita huja baadaye. Vikundi vingi hufanya kinyume: huchagua jina kubwa, huchanga nauli, halafu katikati ya safari ndipo watu hugundua kwamba kila mmoja alikuja na lake.

Nia si jambo la kupita juu juu. Namugongo ni hija ya umati. Anayekwenda kule anakwenda kukumbuka mashahidi pamoja na maelfu kwa maelfu ya wengine, kulala uwanjani, kuimba usiku kucha. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi hao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana waliouawa katika mateso hayo hayo wana mahali pao pa kumbukumbu jirani, hivyo hata asiye Mkatoliki ana cha kwenda kukumbuka. Lakini mtu aliyefiwa na mwenzi wake, anayetafuta wiki moja ya kunyamaza mbele za Mungu, atapata shida pale. Huyo pengine angefaa Kibeho, kusini mwa Rwanda, ambako wasichana wa shule walisema walitokewa na Bikira Maria kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, na Kanisa likayakubali matokeo hayo mwaka 2001. Kibeho nako hufurika tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Anayetaka utulivu aende mwezi mwingine.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shia, wakiwemo Wakhoja wa Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, iko njia ya Arubaini ya Imam Hussein huko Iraki, kutoka Najaf hadi Karbala. Ni takribani kilomita 80 za tambarare, na nguzo zimepewa namba njia nzima, kiasi kwamba waliopotezana huambiana tu wakutane nguzo fulani. Huko mamilioni hutembea, na kandokando ya barabara wenyeji huweka mahema ya kugawa chakula, chai na mahali pa kulala bila malipo. Kuna hata wanaojitolea kukanda miguu ya wageni. Sheria ya njia ile ni ukarimu, na mwenye haya ya kupokea chakula cha mtu asiyemjua hujifunza kupokea.

Hapa ndipo suala la wenyeji linapoingia, nalo ndilo viongozi wetu hulidharau kuliko yote. Kilomita 100 zenye kijiji kinachokungoja kila jioni ni fupi kuliko 40 zisizo na mtu. Hispania, kwenye njia za kwenda Santiago de Compostela, mfumo huo umejengwa kwa karne nyingi: nyumba za kulala mahujaji zimepangana kila baada ya saa chache za mwendo, na kila msafiri hubeba kijitabu cha kugongewa mihuri. Njia mashuhuri kuliko zote huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ikiwa na urefu wa karibu kilomita 780. Hata hivyo, cheti cha hija hutolewa kwa yeyote aliyetembea angalau kilomita 100, na ndiyo sababu wengi huanzia mji wa Sarria, kilomita kama 115 kutoka Santiago. Mwaka 2024 waliopewa cheti hicho walikaribia 500,000. Wenye njia yao wenyewe wamekubali kwamba siku tano au sita za miguu ni hija kamili. Kwa nini basi kikundi cha Tukuyu kijione kimefanya kidogo kikitembea siku tatu?

Tukirudi nyumbani, watu hudhani Rungwe haina njia ya hija. Inazo, tena za zamani. Kabla ya makanisa, makuhani kutoka Ukinga walikuwa wakivuka milima ya Livingstone kwa miguu kuja kwenye msitu mtakatifu wa Lubaga, makao ya mfalme mtakatifu Lwembe, kufanya ibada pamoja na makuhani wa Kinyakyusa. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaeleza hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu ibada za jamii ya Wanyakyusa. Mkristo wa leo si lazima afuate ibada ile. Anachopaswa kujua ni kwamba kutembea umbali mrefu kwa ajili ya Mungu hakukuletwa na meli.

Kisha mwaka 1891 wakaja wamisionari kutoka upande wa Ziwa Nyasa, Wamoravian wakapanda hadi chini ya mlima Rungwe na kujenga kituo chao cha kwanza, nao Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaanza kazi yao jirani. Miaka michache baadaye vikafuata vituo vya Rutenganio na Ipyana kwa Wamoravian, na Manow na Mwakaleli kwa Walutheri. Walikwenda kwa miguu, kituo hadi kituo, na vituo hivyo vingi bado ni sharika hai. Kuna faida nyingine ambayo mwandishi wa mada hii anaiona kubwa kuliko historia yenyewe: penye misheni ya zamani mara nyingi pana hospitali. Igogwe ipo, Itete ipo, Matema ipo, na katikati yao iko hospitali ya wilaya ya Makandana, Tukuyu mjini. Ni njia ngapi za hija duniani ambazo mzee mwenye shinikizo la damu anaweza kuzipita akijua daktari yuko umbali wa asubuhi moja?

Majira ya Rungwe hayahitaji maelezo marefu kwa wakazi wake. Tukuyu hupata mvua zinazozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huanza Novemba, na Aprili ndipo zinapomimina kwelikweli, na hata Mei bado haziko mbali. Juni na Julai ni baridi na ukungu, lakini barabara zinapitika. Agosti hadi mapema Oktoba ndio wakati mzuri wa miguu. Tatizo ni kwamba Namugongo haingoji majira yetu. Anayetaka kuwa kule tarehe 3 Juni lazima afanye mazoezi Machi na Aprili, yaani ndani ya mvua ile ile, na aondoke Mei wakati mpunga wa Kyela unavunwa. Familia yenye shamba bondeni iulizwe mapema. Hija inayomwachia mke au mdogo wa mtu mavuno peke yake inaanza na deni.

Ardhi ndiyo humshitua mtu. Tukuyu iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ufuko wa ziwa uko chini ya mita 500. Kuteremka mita 1,100 kunaonekana kama zawadi, mpaka saa ya tatu ya mwendo. Mguu ndani ya kiatu huteleza kwenda mbele, vidole vikagonga ncha kila hatua, na kufika jioni ukucha wa kidole gumba umebadilika rangi kuwa wa zambarau. Soksi iliyolowa umande wa mashamba ya chai asubuhi hailali vizuri kisiginoni. Inakunjana, inasugua, na baada ya kilomita chache ngozi inajitenga na nyama na kujaa maji. Lengelenge likishapasuka kwenye vumbi la barabara ya Ipinda, hija ya mtu huyo imekwisha hata kama bado anatembea. Dawa yake ni ya kawaida: kucha zikatwe siku mbili kabla, kamba zikazwe juu ya mguu wakati wa kuteremka, soksi kavu zivaliwe kila mapumziko, na plasta ibandikwe pale panapoanza kuwasha, si pale palipokwisha kutoboka. Raba mpya ni mbaya kuliko ndala zilizozoeleka.

Kwa hiyo kiongozi asiulize washiriki wake wanaweza kutembea kilomita ngapi. Awatembeze. Tukuyu hadi ziwa Masoko ni kama kilomita 15. Watu waende na begi lile lile watakalobeba, walale, warudi kesho yake. Asiyeweza siku ya pili hajashindwa hija. Ameonyesha tu urefu wa njia inayomfaa. Na hata mwenye nguvu anahitaji wenyeji: Oktoba 1967, akiwa na miaka 45, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, na alikuwa na watu wa kumpokea kila kituo. Kilomita 20 hadi 25 kwa siku ni mwendo wa haki kwa kikundi chenye watu wazima mchanganyiko. Thelathini ni za vijana.

Sasa njia zenyewe. Kwa kikundi kinachoanza, mada hii inapendekeza mzunguko wa Katumba, Lwangwa, Mbambo na kurudi Tukuyu, barabara yenye urefu wa kilomita takribani 83 kupitia Busokelo, kanda yenye misheni za zamani za Walutheri. Siku nne zinatosha. Ubora wake ni kwamba unamrudisha mtu alipoanzia, hivyo hakuna nauli ya kurudi, na anayechoka njiani anapanda gari dogo au bodaboda na kufika kwake jioni hiyo hiyo. Panda-shuka ni nyingi lakini hakuna mteremko mmoja mrefu wa kuua magoti. Migomba na chai huifunika barabara pande zote, na hakuna kijiji ambacho mgeni atakosa sahani ya ndizi na maharage akifika kwa heshima.

Wanaotaka safari yenye mwisho wa wazi washuke kutoka misheni ya Rungwe kupitia Tukuyu hadi Ipyana, takribani kilomita 60, wakifuata kinyume njia ya waliopanda kutoka ziwani. Hii inafaa zaidi kwa kumbukumbu ya Kanisa la Moravian. Waumini wa kanisa hilo tayari wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kwa hiyo kutembea kwa ibada si kitu kigeni kwao. Siku tatu, na siku ya mwisho ianze usiku bado, kwa sababu joto la bondeni la Kyela si joto la Tukuyu. Barabara kuu ya kwenda Kasumulu ina malori ya Malawi. Watu watembee upande wa kulia wakiyatazama magari, mstari mmoja, na wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vya kung'aa. Penye njia ya ndani, ifuatwe ya ndani.

Kushuka kutoka Kitulo kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema ni jambo jingine kabisa. Ni njia nzuri kuliko zote za ukanda huu, pengine ya Tanzania nzima, nayo ni ya wachache: inaanzia kwenye uwanda wenye zaidi ya mita 2,600, inapita mahali pasipo na duka wala mtandao, na inahitaji mwenyeji wa kuongoza na ruhusa ya hifadhi ya taifa pale inapopita ndani ya mipaka yake. Vijana waliokwisha kufanya njia mbili za kwanza ndio wanaofaa kuifikiria.

Namugongo ibaki kwa mwaka wa tatu. Kikundi kipande basi hadi Bukoba, kivuke Mutukula na kuanza kutembea hapo kupitia Kyotera na Masaka, zaidi ya kilomita 200 hadi kwenye basilika. Zinahitajika siku tisa au kumi, hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na fedha za Uganda za kutosha kwa chakula. Parokia za njiani ziandikiwe barua kupitia paroko miezi mitatu kabla, zikitaja idadi ya wanawake na wanaume, kwa sababu huko hulazwa mbalimbali. Na kila kikundi kiwe na mtu mmoja asiyetembea: abaki na gari la kukodi au hata pikipiki, abebe maji, dawa na mabegi ya waliochoka, atangulie kila kituo kuulizia mahali pa kulala. Kazi hiyo apewe mtu mzima mwenye kujua watu, ahesabiwe kuwa hujaji sawa na wengine, na nauli yake itolewe kwenye mfuko wa kikundi kabla ya ya mtu mwingine yeyote.