Hoisti, Watu Wawili na Saa Tisa za Usiku

 Nimeulizwa mara nyingi na ndugu zangu wanaokesha katika nyumba za kulelea wazee huku Uingereza: kanuni ya usalama ikimtesa yule yule iliyowekwa kumhifadhi, je, ifuatwe?

Nitanena kwa yaliyonifika. Katika nyumba niliyofanyia kazi, kanuni ilikuwa kwamba hoisti, ile mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, isitumiwe ila na watu wawili; ilhali usiku tulikuwa wawili kwa ghorofa mbili, na bibi mmoja, mwenye haya nyingi, alihitaji choo kila usiku saa tisa, mwenzangu awe karibu au asiwe. Kumngojesha hata akachafua shuka ni kumvunjia heshima. Basi kwa huruma (na, niseme kweli, kwa kuchoka pia) nikamnyanyua peke yangu muda wa miezi minne. Siku tulipoomba mtu wa tatu, msimamizi alifungua daftari, akauliza mbona hapakuandikwa hata usiku mmoja kwamba mgonjwa alicheleweshwa. Hapo ndipo nilipotambua ya kuwa huruma yangu iliisitiri dhiki yetu sote, na lau yule bibi angalianguka, taksiri ingalikuwa yangu pekee.

Walakini hesabu ya watu wawili haimo katika sheria. Kanuni za mwaka 1992 juu ya kunyanyua kwa mikono zamtaka mwajiri aepushe unyanyuaji wa hatari kadiri iwezekanavyo, na usioepukika aupime. Idadi huiweka yeye, naye aweza kuibadili. Mwaka 2003, katika shauri la dada wawili wenye ulemavu dhidi ya baraza la East Sussex, Jaji Munby alieleza kwamba marufuku ya jumla ya kunyanyua watu kwa mikono haikubaliki kisheria, kwani staha ya anayehudumiwa na usalama wa mhudumu sharti vipimwe pamoja.

Rai yangu, basi: mwite mwenzio, mngoje, na dakika za kungoja uziandike daftarini usiku ule ule, pamoja na yaliyompata mgonjwa; kisha uombe kwa maandishi hatari ipimwe upya. Msimamizi atachukia. Wa kwetu alinuna wiki tatu. Ya nne akaleta mtu wa kushika zamu tangu saa nane hadi alfajiri, na bibi akaniuliza mbona siku hizi tunamwingilia chumbani wawili wawili kama maharusi.