Kalamu ya Msafiri, Kitabu cha Mtoto

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya futari. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango. Futari imeteremka, sasa twaweza kuzungumza. Nimeombwa niseme juu ya kazi. Udaktari na uhandisi mmevisikia sana, na kila mzazi aliyeketi hapa ana mtoto aliyemwekea moja ya hizo. Mimi leo nataka kusema juu ya kazi ambayo wengi wetu hatujui hata kama ni kazi: mtu anayesafiri, akaandika magazetini yale aliyoyaona, kisha safari zile zile akazigeuza vitabu vya picha vya watoto wadogo.

Najua swali litakalokuja. "Hiyo nayo ni kazi, ama ni mchezo?" Basi nitajibu kwa maisha ya mtu mmoja. Jina lake ni Ludwig Bemelmans. Hakuwa Mwislamu, wala si mambo yake yote ya kuigwa. Lakini kazi yake aliijua, na kazi hujifunza kwa anayeijua.

Kijana aliyeshindikana

Alizaliwa mwaka wa 1898 katika mji wa Meran, milimani, mahali ambapo wakati huo palikuwa chini ya Austria na leo ni Italia. Babake alikuwa Mbelgiji mwenye kazi ya hoteli, mamake Mjerumani. Baba aliiacha familia yake, na mama akarudi na mtoto kwao Regensburg, Ujerumani. Kijana akatiwa shule, shule ikamshinda. Akapelekwa kwa jamaa wa ukoo mwenye mahoteli ajifunze kazi, na huko nako akaharibu. Mwenyewe alizoea kusimulia kwamba mwisho aliambiwa achague: ama shule ya watoto watukutu, ama Marekani. Akachagua meli. Mwaka wa 1914 alishuka New York, umri wake miaka 16.

Sasa vijana, msidhani alifika akapewa kalamu na meza. Alifanya kazi za chini mahotelini. Alihudumu kwa miaka mingi katika hoteli kubwa ya Ritz-Carlton, akipanda ngazi polepole. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliacha. Mteja akiketi, yeye alimtazama vile anavyoshika uma, vile anavyomwita mhudumu, vile tumbo linavyougusa ukingo wa meza. Kisha akamchora nyuma ya karatasi ya menyu. Alipoingia jeshi la Marekani mwaka wa 1917 aliandika daftari la kila siku, kwa Kijerumani, lugha aliyoizoea. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1937, daftari lile likawa kitabu kwa Kiingereza.

Mwaka wa 1926 alipata nafasi ya kuchora katuni katika gazeti moja la New York. Ilidumu miezi tu, ikakatwa, akarudi hotelini.

Twaona nini hapa? Twaona mtu wa miaka 28 ambaye ukimpima kwa vipimo vyetu vya barazani, ungesema amepotea. Hana cheti, amejaribu uchoraji umemkataa, na bado anabeba sahani. Lakini kumbe yuko darasani. Hoteli ndiyo iliyomfundisha kutazama watu wa kila nchi, na kutazama ndio mtaji wa mwandishi wa safari.

Mapazia ya dirisha

Mambo yalibadilika hivi. Alikuwa akiishi katika nyumba isiyo na mandhari ya kupendeza. Moyo ukikumbuka milima ya kwao, akaichora milima ile juu ya mapazia ya madirisha yake. Siku moja akatembelewa na mhariri wa vitabu vya watoto, mwanamke aitwaye May Massee, wa kampuni ya Viking. Mama huyu akayatazama mapazia, akamwambia aandike kitabu cha watoto. Mwaka wa 1934 kikatoka kitabu cha kwanza, Hansi, hadithi ya kijana mdogo katika milima ile ile ya utotoni. Bemelmans alikuwa na miaka 36.

Wazazi, hapa naomba mnisikilize kidogo. Wangapi wameingia nyumbani, wakaona mtoto amechora ukutani au pembeni mwa daftari la hesabu, na neno la kwanza likawa ni kufoka? Sisemi mtoto aachwe aharibu kuta. Nasema kabla ya kufoka, tazama kwanza amechora nini. Massee angeweza kuona mapazia yaliyoharibiwa. Yeye akaona kitabu. Jicho la namna hiyo halihitaji kusomea, lahitaji subira ya dakika mbili.

Safari moja, vitabu viwili

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Katika miaka ya 1930 Bemelmans alisafiri kwenda Ecuador, nchi ya Amerika ya Kusini yenye milima mirefu na reli inayopanda mlima. Nchi hiyo ilimpa vitabu viwili. Kimoja ni cha watu wazima, The Donkey Inside, kilichotoka mwaka wa 1941. Ndani yake mna barabara, mahoteli, wanasiasa, matajiri na maskini. Kingine ni cha watoto, Quito Express, kilichotangulia mwaka wa 1938. Na humo mna nini? Mna mtoto mchanga aitwaye Pedro aliyetambaa akaingia garimoshi, likaondoka naye. Hajui kusema ila "dada-dada", kwa hivyo hakuna anayejua ni wa nani. Basi msomaji azunguka naye nchi nzima, stesheni hadi stesheni, mpaka arudi kwao.

Mnaona tofauti? Mtu mzima akisoma habari za safari ataka kujua nchi ikoje, bei zikoje, watu wake wana shida gani. Mtoto hataki hayo. Mtoto ataka mwenzake wa kwenda naye, na jambo moja la kumtia hofu: je, Pedro atarudi kwa mamake? Akishalipata hilo, nchi nzima itapita dirishani naye ataiona bila ya kufundishwa. Milima, reli, nguo za watu, yote yamo kwenye picha.

Wengi hudhani kumwandikia mtoto ni kuchukua habari ya wakubwa na kuirahisisha maneno. Sivyo. Ni kuacha karibu kila kitu, ukabakisha kimoja, na hicho kimoja kiwe cha kweli.

Ufa kwenye dari

Mfano mkubwa zaidi ulitokea mwaka wa 1938. Alikuwa mapumzikoni na familia yake katika kisiwa kidogo cha Ufaransa, Île d'Yeu. Kisiwa kizima, kwa kusimulia kwake, kilikuwa na gari moja tu, la mwoka mikate. Naye akiwa juu ya baiskeli akagongana na hilo hilo! Akalazwa hospitalini. Pale kitandani akawa atazama dari, na dari lilikuwa na ufa. Chumba cha pili palikuwa na msichana mdogo aliyepasuliwa kidole tumbo, akionyesha kovu lake kwa fahari kama mtu aliyepewa nishani.

Mwandishi wa gazeti angeandika nini? Angeandika ajali, hali ya hospitali, barabara za kisiwani. Bemelmans aliondoka pale na ufa na kovu. Akaongeza hadithi za mamake, aliyelelewa shule ya watawa ambako wasichana walilala kwa safu za vitanda. Akachukua jina la mkewe, Madeleine, akalipunguza herufi moja. Mwaka wa 1939 kikatoka kitabu Madeline: wasichana 12 katika nyumba moja mjini Paris, na mdogo kuliko wote ndiye asiyeogopa kitu. Augua usiku, apasuliwa, wenzake waja kumtazama, nao wakiona zawadi zake na kovu lake wote wataka kupasuliwa. Na ule ufa wa dari umo ndani, ukifanana na sungura.

Hiki kitabu kinachojulikana leo karibu dunia nzima kilikataliwa kwanza. Hata Viking, waliomchapishia vile vya mwanzo, hawakukitaka. Kikachapishwa na Simon & Schuster. Na tazameni kilivyopigwa chapa: kurasa nyingi ni rangi mbili tu, nyeusi na manjano, na chache ndizo za rangi zote, kwa sababu rangi ni gharama. Hakuona haya. Alifanya manjano ile iwe jua, iwe taa ya chumbani, iwe alfajiri.

Maneno ya kitabu ni machache, mtu husoma chote kwa dakika tano. Lakini nyuma ya wale wasichana Paris iko kamili: mnara wa Eiffel, jumba la Opera, kanisa la Notre Dame, bustani ya Luxembourg. Hapo ndipo mwandishi wa safari alipojificha. Mtoto adhani afuata hadithi, kumbe atembezwa mji.

Na kilitoka mwaka vita vikuu vya pili vilipoanza. Kuanzia Juni 1940 hadi Agosti 1944 Paris ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani ya Hitler. Miaka yote hiyo, mtoto wa Marekani aliyefungua kitabu hiki aliiona Paris ya watu wanaotembea kwa amani.

Riziki je?

Mzazi atauliza, na ni haki yake: alikula nini? Alikula kwa magazeti. Aliandika habari za safari na za watu katika majarida makubwa, likiwemo Holiday, jarida la safari lililoanza mwaka wa 1946. Makala hulipwa mara moja, yakaisha. Kitabu hulipwa kidogo kidogo kwa mrabaha, lakini kikipendwa huendelea miaka. Kwa hivyo alikuwa na mikono miwili: mmoja wa leo, mmoja wa kesho. Na brashi haikulala. Katika miaka ya 1940 alichora kuta za ukumbi mmoja wa hoteli ya Carlyle, New York, na malipo yake yakawa ni makao ya familia. Picha zile zingali ukutani.

Wala hakukimbilia. Kitabu cha pili cha Madeline, yaani Madeline's Rescue, kilitoka mwaka wa 1953, miaka 14 baada ya kile cha kwanza. Mwaka wa 1954 kikapata nishani ya Caldecott, ambayo Marekani humpa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha mwaka. Alifariki mwaka wa 1962 akiwa na miaka 64. Miaka mingi baada yake, vitabu vyake vya wakubwa wanavisoma wachache. Cha yule msichana mdogo kingali chasomwa kitandani usiku.

Na sisi?

Vijana, nisije nikawaacha New York. Treni ya Madaraka imekuwa ikienda kati ya Mombasa na Nairobi tangu mwaka wa 2017. Yapita Tsavo, na huko reli imeinuliwa mahali mahali ili ndovu wapite chini yake. Gazeti litakwambia nauli na saa za kufika. Mtoto aliyeketi dirishani auliza jambo moja tu: "Ndovu yuko chini yetu sasa hivi?" Hicho ndicho kitabu, nacho chamngojea mwandishi.

Anza hivi. Kwanza, beba daftari dogo kila uendako, hata kama ni Likoni kwa feri. Usiandike "palipendeza". Andika kitu: rangi ya kamba, neno alilosema utingo, punda aliyekataa kupanda ngazi za mtaa wa Lamu. Pili, vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili zake ni 32. Basi kunja karatasi zako, ugawe hadithi humo uone kila ukurasa una nini cha kumfanya mtoto aufunue ufuatao. Tatu, msomee mtoto halisi, mdogo wako au wa jirani. Usimuulize kama amependa, atakudanganya kwa adabu. Mtazame macho. Pale yalipokwenda kwengine, hapo futa.

Nne, usiache kazi inayokulisha ukingoja kitabu. Bemelmans alibeba sahani kwa miaka, na sahani zile zilimpa nyuso za watu.

Watoto wetu waijua Paris kwa kitabu cha mtu aliyekuwa mgeni pale, na hakuna ubaya. Lakini mtoto wa Kisauni au wa Garissa akifungua kitabu na asione hata siku moja mlango unaofanana na wa kwao, atakua akidhani kwamba mambo ya vitabuni hutokea kwa watu wengine. Hilo halimngojei mgeni aje atuandikie. Lawangojea nyinyi mlio pale nyuma mlangoni, na lawangojea wazazi watakaotazama kwanza kabla ya kufoka.

Adhana ya Isha yakaribia. Wenye maswali tutaonana nje baada ya sala.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.