Magitaa Yangu Matatu



Mmeniomba nieleze ninavyotunza magitaa yangu. Kwetu Tanga adui ni jasho na hewa ya chumvi. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi. Basi kila nimalizapo kupiga huzifuta kwa kitambaa kikavu, moja moja, na gitaa hulirudisha sandukuni. Mafuta ya taa sithubutu, ingawa wapo mafundi wanaoyasifu.

La tatu mnalijua: la marehemu mwenzetu wa bweni. Mwaka jana nililisahau ndani ya gari, juani. Gundi ikalegea, kibao kinachoshika nyuzi kikang'oka. Sikulala. Fundi amelitengeneza, na leo nimelipakata njia nzima katika basi. Mwanawe yupo hapa. Naomba alipokee, alipige.